Utepe wa Kusikilizia Ndege

Mimi ni fundi cherehani, na kibanda changu kiko soko la Mwanga, si mbali na nyumbani kwetu Ujiji, baina ya muuza mitumba na fundi wa simu. Nalisema hili mapema kwa sababu antena niliyoitengeneza ni antena ya fundi cherehani, na mtu wa mitambo akiiona atacheka. Acheke. Ilisikia.

Haikuanza na hamu ya mitambo, maana sina. Ilianza na swali la baba. Enzi zake baba alikuwa baharia wa meli za ziwani, na uzee ulimkuta Ujiji akiwa na nguvu zake mpaka moyo ulipoanza kumchezea. Miguu ikavimba, akawa mtu wa kitandani kwenye chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama upande wa uwanja wa ndege. Ndege ikipita juu ya paa, aliinua kichwa kutoka kwenye mto na kuniuliza, "Ameshuka?"

Aliyekuwa akimuulizia ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Aliolewa Dar es Salaam na mtu ambaye baba hakumtaka, na siku ile baba alitamka neno zito ambalo sitaliandika hapa. Toka hapo mdogo wangu hakukanyaga Ujiji. Simu zilipigwa, dawa zilitumwa, salamu zilifika, yeye hakufika. Baba alipolala kitandani, moyo wake ukalegea kwa maana zote mbili, naye mdogo wangu akaanza kusema anakuja. Kazini hawampi ruhusa, alisema, ila siku atakayoipata atapanda ndege siku hiyohiyo, hata simu hatapiga.

Mimi niliwachoka wote wawili. Nilimwambia baba, "Mpigie umwambie umemsamehe, yaishe."

"Radhi haipigwi simu, mama," alinijibu. Aliniita mama kwa kuwa nina jina la mama yake. "Atakuja, nimwambie tukitazamana."

Nilimwambia kwamba mwanadamu hana mkataba na kesho. Akafumba macho, njia yake ya zamani ya kumaliza mazungumzo.

Tatizo la ndege ni kwamba kupita si kushuka. Kuna zinazopita kwenda Congo au Burundi zisijue hata kama tupo, kuna videge vidogo vya kukodi, na kuna siku mawingu yanakaa juu ya vilima na ndege iliyokuja kwetu inageuza. Baba hakujua ipi ni ipi. Alisikia mngurumo, akajifuta uso, akaweka kofia, akaanza kuukodolea mlango. Muda mrefu baadaye kofia ilirudi chini ya mto. Mimi nikiwa kibandani alinipigia simu, "Ameshuka?", na mteja mbele yangu anapimwa kiuno. Ningejuaje?

Ndipo nikaikumbuka redio yake. Ilikuwa ya Kichina, ya bei ya chee, na kwenye uso wake kulikuwa na mstari wa masafa ambao hatukuwahi kuugusa. Nilimwonyesha fundi wa simu jirani yangu, akasema hayo ni mawimbi wanayozungumzia marubani na watu wa mnarani. "Ila hapo haishiki kitu," akaongeza, "antena iko wapi?" Antena yake ya kuvuta ilivunjika siku baba alipoitumia kujikunia mgongo. Kilichobaki ni kisiki.

Kwenye simu nikatafuta jinsi ya kutengeneza nyingine. Wapo watu wengi duniani ambao kazi yao ni kusikiliza ndege, sikulijua hilo, na wanaoneshana kwa subira kubwa. Jambo lenyewe lilikuwa dogo kuliko kola ya shati: vipande viwili vya waya, kila kimoja karibu sentimita hamsini na saba, kimoja kiende huku na kingine kule, katikati unaunga waya wa televisheni, kiini chake kwenye kipande kimoja na wavu wake wa nje kwenye kingine. Upande wa pili wa waya huo unakwenda kwenye redio, kiini kwenye kisiki cha antena, wavu kwenye chuma cha betri. Wengi waliiweka juu ya nyumba. Mimi sikuthubutu. Sisi tuko mpakani, ng'ambo ya maji ni Congo, na mtu akichomoza waya wa ajabu juu ya bati ataulizwa anazungumza na nani. Nilikuwa nasikiliza tu, lakini nani ataamini? Antena yangu ingekaa ndani, na iwe ya kukunjika, niitoe nikitaka na kuiweka mkobani nikitaka.

Waya niliutoa kwenye pasi iliyoungua. Niliupima kwa tepu yangu na kuukata kwa mkasi mkuukuu, na mkono ukafuata mazoea yake: ukaacha ziada ya mshono. Fundi cherehani hakati kitu kwa kipimo kikavu, lazima aache ya kukunjia, hata kama anachokata hakikunjwi. Kisha nikachukua mabaki ya kitambaa cheusi cha buibui, nikashona utepe mrefu wenye njia katikati, kama njia ya kamba ya suruali ya kulalia, nikapitisha waya humo. Fundi wa simu alinilehemea maungio. Ili waya wa televisheni usivute na kukwanyua kazi yake, nikaushikiza pale katikati kwa kifungo kikubwa cha koti, nikakizungushia uzi wa nailoni mpaka kikakaa imara. Juu nikaweka kitanzi cha kutundikia. Ukiviringisha utepe wote, unaenea kiganjani.

Nilirudi Ujiji na furaha ya kijinga. Nikautandaza utepe juu ya kitanda, umeongezwa kamba ncha zote mbili ufike ukutani hadi ukutani, ulale kama kamba ya nguo, maana antena zote za televisheni nilizozijua huku kwetu zimelala. Nikawasha. Rumba la ng'ambo likajaa chumbani, na chini yake mtu anatangaza sabuni kwa Kirundi. Nikazungusha. Rumba tena, dhaifu kidogo. Ndege ya mchana ikapita juu ya vichwa vyetu, tukaisikia kwa masikio yetu ya kuzaliwa, redio ikaendelea na sabuni.

"Huyo rubani anaimba vizuri," baba alisema.

Niliuacha hapo siku kadhaa kwa hasira. Jinsi ulivyopona ni bahati tupu. Nilikuwa nabadilisha chandarua, nikachomoa ncha moja ya utepe ili nipite, ukaning'inia kwenye msumari wa pazia, wima, redio ikiwa bado inakoroma. Mara mkoromo ukakatika na mwanamume akazungumza Kiingereza, taratibu, kama mtu anayeagiza chai. Nikasimama na chandarua kichwani. Akajibiwa na mwingine, mkavu zaidi. Baadaye nikasoma kwamba antena za ndege husimama, basi na ya kusikilizia lazima isimame. Ukiilaza unapoteza karibu yote. Nilikata pia ile ziada ya mshono niliyoiacha kwenye waya, sauti ikasafika. Nikagundua kwamba utepe hautaki kugusana na nondo za dirisha, unataka nafasi ya shibiri moja hivi, na kwamba mlango wa bati ukiwa wazi rumba linarudi. Nikautafutia mahali pake, upande wa kushoto wa dirisha, kimo cha mtu aliyesimama.

Kuanzia hapo chumba kile kilikuwa na kazi. Baba alikijua Kiingereza cha melini, lakini masikio yake hayakuweza tena kuvua maneno kwenye mkoromo, hivyo nikija kula mchana nilikaa ukingoni mwa kitanda na kumfasiria nilichokiambulia kwa Kiingereza changu cha shule. Ameita mnara. Ameambiwa upepo. Anauona uwanja. Kisha nasema, "Ameshuka." Ndege ya kwenda kwingine nilimwambia si yetu, akaacha kofia chini ya mto. Ya kwetu ikishuka aliivaa, akatega sikio kusubiri bajaji isimame mlangoni. Bajaji zilipita zote. "Siye," alisema hatimaye, akavua kofia. Sijui kama nilimpunguzia mateso au niliyapanga tu vizuri zaidi.

Sasa, utepe wenyewe. Hebu uone kama wageni walivyouona: kitambaa cheusi kirefu, kimeshonwa pande zote, kitu kimefichwa ndani, kifungo katikati, kimetundikwa karibu na kichwa cha mgonjwa asiyepona. Mimi niliona antena. Ujiji mzima uliona hirizi.

Wa kwanza kusema wazi alikuwa baba mdogo, nduguye baba wa pekee aliyebaki, mtu wa msikiti, hana mzaha na dini wala na mimi. Nilimwamkia, akaitikia "Marahaba" macho yakiwa juu ya dirisha.

"Nani kamtundikia kaka yangu hirizi?"

"Si hirizi, baba mdogo. Ni ya redio."

"Hirizi yenye mkia," alisema, akiufuata waya kwa macho mpaka kwenye redio. Hakukaa. Aliniambia niifumue mbele yake. Nikatoa wembe, nikafumua shibiri moja, nikamwonyesha waya. Akauinamia akautazama. "Huu ulikuwa wa nini?"

"Wa pasi."

"Siku hizi wanaweka chochote," alisema, akamuaga kaka yake na kuondoka. Tangu siku hiyo alipokuja kumwona alisimama upande wa pili wa chumba. Majirani wawili, tena wanaoswali, waliniuliza kwa kunong'ona mganga wangu anakaa Simbo au wapi, maana na wao wana wagonjwa. Niliwaambia anakaa Mwanga, anatengeneza simu na kuuza kava zake. Nadhani walikwenda.

Baba alifariki alfajiri, adhana imekwisha na mimi nateka maji. Nilimpigia mdogo wangu kabla ya mtu mwingine yeyote. Hakulia, aliuliza tu ndege ni saa ngapi. Akapata kiti kwenye ile ya mchana. Kwa hiyo ruhusa ilikuwapo siku zote, niliwaza, ilikuwa inasubiri hili. Wazo baya, lakini nililiwaza.

Watu walipojaa, baba mdogo alitangaza maziko baada ya adhuhuri. Maiti hacheleweshwi, na hakukosea. Nilitoka upande wa wanawake, nikasimama mlangoni nikamwita. Nilimweleza kwa sauti ya chini jambo analolijua kuliko mimi: kwetu mwanamke haendi makaburini. Mtoto wa kiume akichelewa hulikimbilia jeneza njiani, akatia mkono wake, akatupa udongo wake. Wa kike akichelewa anakuta mkeka wa matanga. Akimkosa baba yake ndani ya nyumba hii, amemkosa.

Akashika ndevu. "Ikishuka, tutamngoja amtazame. Isiposhuka, hatufiki alasiri na maiti ndani." Akatazama juu. Wingu lilikuwa limetoka ziwani limekaa zito upande wa uwanja. "Na tutajuaje?"

Nikageuka kuutazama mlango wa chumba cha nyuma. Akaelewa mwenyewe, na uso wake sikuufurahia, ingawa siku nyingine ningeufurahia sana.

Utepe ulikuwa umeondolewa wakati wa kumwosha baba. Niliutoa mkobani, nikautundika mahali pake, nikaweka redio juu ya kitanda kilichobaki bila godoro. Baba alikuwa chumba cha mbele amekwisha kuvishwa sanda, wanawake wamemzunguka wanasoma. Kuna walionitazama kwa jicho la kunitoa ndani ya ngozi: redio, ndani ya msiba! Baba mdogo hakuweza kuingia upande wetu, hivyo alizunguka nje akaja kusimama dirishani, ng'ambo ya nondo. Utepe ulining'inia kati yetu.

Ndege iliita mapema kuliko nilivyotarajia. "Imefika," nikamwambia. Alikuwa rubani mpole, baba angempenda. Mnara ukampa upepo na habari za wingu. Akasema anajaribu kushuka. Kukawa kimya, mkoromo tu, nikajikuta nimeshika kile kifungo cha koti. Kisha akasema hakuuona uwanja, amepanda tena.

"Anasemaje?"

"Hakuona. Atazunguka."

Baba mdogo alishika nondo. Nyuma yake wanaume walikuwa wamesogea chini ya turubai, masikio dirishani. Ndani wasomaji nao wakashusha sauti. Rubani alizunguka juu ya wingu, akajaribu tena. Nilifuata kila neno nililoliweza. Nilitaka ashuke. Sijawahi kutaka kitu namna ile, mimi ambaye niliwachoka wote wawili. Akasema tena hakuuona. Halafu, kwa sauti ileile ya kuagiza chai, akauaga mnara akasema atazunguka kwanza juu ya ziwa apate kimo, kisha aelekee Tabora.

Nilichelewa kumfasiria. Mwishowe nikasema, "Anaondoka."

"Inna lillahi," alisema, akaachia nondo.

Mambo yakaenda haraka, kama yaendavyo. Wanawake tukamtazama baba mara ya mwisho, uso ukafunikwa, wanaume wakaingia, jeneza likanyanyuliwa. Nililifuata mpaka kizingitini, mwisho wa njia yangu. Walikuwa wamefika nje ya ua wetu, njiani, ndipo ngurumo ikaja ndani ya wingu, juu yetu kabisa, ikitoka upande wa ziwa.

Mjini kwetu jeneza likipita, aliyekaa husimama, muuzaji huacha mizani, mwenye pikipiki huzima. Sikuwa nimepata kuona jeneza lenyewe likisimama. Baba mdogo aliinua mkono. "Simameni. Mwana anapita." Wakasimama na mzigo mabegani. Naye akauinamia ubao wa jeneza, akasema, si kwa sauti kubwa lakini njia yote ilikuwa kimya: "Kaka, binti yako huyo hapo juu. Mwie radhi."

Walingoja mpaka ngurumo ikaishia mashariki. Kisha wakaenda.

Mdogo wangu alifika kesho yake kwa basi la kutoka Tabora, miguu imevimba kama ya baba. Alipomaliza kulia na wanawake nilimchukua chumba cha nyuma, tukakaa juu ya chaga za kitanda, nikamweleza yote, na maneno ya baba mdogo sikuyaongeza wala kuyapunguza. Alisikiliza akiutazama utepe.

"Wakati huo," alisema, "sisi tulikuwa hatujaambiwa kitu. Nilikuwa nimeshajitanda kanga. Natafuta paa letu dirishani." Akavuta pumzi. "Mlijua kabla yangu."

Sina kipaji cha kufariji. Niliwasha redio ili mikono yangu ipate kazi. Siku hiyo mbingu ilikuwa nyeupe, wingu hakuna, na ndege ya mchana ilikuja na rubani mwingine, mwenye haraka. Akaita mnara. Akapewa upepo. Akasema anauona uwanja, na kwa nini asiuone. Tuliisikia ikipita juu ya paa, tukasikiliza mpaka mnara ulipomwelekeza pa kuegesha.

Mazoea ni kitu kibaya. Niligeuka upande wa mto, ambao haukuwapo, nikasema kama nilivyosema kila mchana, "Ameshuka." Mdogo wangu alikuwa amekaa palepale mto ulipokuwa.